Sera ya faragha ya maktaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuiandika na kuiposti mtandaoni

Haya ni maswali ambayo wakutubi wa maktaba za shule, vyuo, taasisi za dini na maktaba za jamii wanauliza sana pale wanapoambiwa "wekeni sera ya faragha kwenye website". Majibu yameegemea Tanzania na Kenya. Sio ushauri wa wakili, ni maelezo ya kazi kwa mtu anayekaa kaunta.

Kwani maktaba ndogo kama yetu nayo inahitaji sera ya faragha?

Kama unaandika jina la mtu kwenye daftari, unachukua namba yake ya simu halafu unarekodi kaazima nini, tayari unakusanya taarifa binafsi, haijalishi una vitabu mia tatu au laki tatu. Na data ya maktaba ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Dukani wakijua umenunua sabuni hamna shida, ila maktaba inajua dada fulani kaazima kitabu cha sheria ya talaka, kijana fulani anasoma kuhusu kuishi na VVU, mwalimu fulani kila wiki anachukua vitabu vya siasa tu. Mtu akihisi hiyo habari itatoka nje hatakuuliza chochote, ataacha tu kuazima na wewe utabaki unalalamika watu hawasomi siku hizi.

Jambo lenyewe sio jipya kwenye fani. Chama cha maktaba cha Marekani, ALA, kiliweka usiri wa msomaji kwenye kanuni zake za maadili tangu 1939, na shirikisho la maktaba la dunia, IFLA, lilitoa tamko lake kuhusu faragha ndani ya maktaba mwaka 2015. Kilichobadilika huku kwetu ni kwamba sasa kuna sheria.

Sheria gani hasa inatuhusu?

Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, chini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uganda nao wana yao ya 2019 na Rwanda ya 2021. Nyuma ya hizo kuna katiba zenyewe, Ibara ya 16 ya Tanzania na ya 31 ya Kenya.

Zote kimsingi zinadai mambo yaleyale: mwambie mtu unachukua nini kabla hujachukua, mwambie kwa nini, usitumie kwa kazi nyingine, usikae nayo milele, ilinde, na akitaka kuona au kurekebisha taarifa zake umpe nafasi. Sera ya faragha ndiyo njia ya kuyasema hayo kwa maandishi.

Usajili ni suala jingine, usilichanganye na sera. Tanzania wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume. Kenya taasisi yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa, lakini msamaha huo hauhusu taasisi za elimu, kwa hiyo maktaba ya shule ongea na mkuu wa shule kwanza maana anayesajiliwa ni shule, sio kile chumba chenu cha vitabu.

Si tukopi tu ya maktaba nyingine tubadilishe jina?

Hapana. Na hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kuliko yote. Unafungua website ya maktaba ya wilaya huku Afrika Mashariki unakuta sera inasema "tunazingatia GDPR" (sheria ya data ya Ulaya), inataja kamishna wa Uingereza, inaahidi data inafutwa kila baada ya siku 30 na ukienda pale daftari la 2011 bado liko juu ya kabati! Sera ni ahadi. Ukiahidi kitu usichofanya umejitengenezea ushahidi wa kukubana wewe mwenyewe siku mtu akilalamika.

Angalia za wenzako upate mpangilio wa vichwa vya habari, sawa, lakini yaliyomo yatoke kwenye kazi yenu.

Basi tuanzie wapi?

Sio kwenye kompyuta. Anza kwa kuzunguka maktaba na daftari ukiandika kila sehemu ambapo jina la mtu linaachwa, na uende na mtu wa kaunta maana bosi mara nyingi hajui nusu ya vitu vinavyofanyika pale chini.

Utakuta fomu ya uanachama, hiyo ya kawaida. Utakuta daftari la wageni mlangoni ambalo kila anayeingia anasoma majina na namba za simu za waliotangulia, na hapo ndipo mabinti wanapigiwa simu na watu wasiowajua. Kuna kadi za zamani za vitabu zenye orodha ya wote waliowahi kuazima kile kitabu. Kuna boksi la vitambulisho vilivyoachwa. Kuna ratiba ya kompyuta, nani kakaa mashine namba ngapi saa ngapi. Kuna mfumo wa kompyuta wa kuendesha maktaba kama Koha, kuna simu ya mkutubi yenye namba za wasomaji wote, kuna Google Form ya semina ya mwaka juzi ambayo hakuna anayekumbuka paswodi yake, kuna bakapu kwenye flashi ambayo iko kwenye droo ya mtu aliyehama kituo.

Kila kimoja jiulize: tunachukua nini, kwa nini, nani anaona, kinakaa wapi, kinafutwa lini. Swali la "kwa nini" likikosa jibu, acha kukusanya hicho kitu. Kabisa. Fomu nyingi zinauliza dini, kabila, hali ya ndoa, jina la mwenyekiti wa mtaa, na ukiuliza za nini unaambiwa "fomu ndivyo ilivyo". Kata. Kila kipengele unachokata kwenye fomu ni aya nzima unayojiokoa kuiandika kwenye sera, na ni kitu kimoja pungufu cha kuibiwa.

Fanya usafi huu kabla ya kuandika hata sentensi moja. Maktaba ikishasafisha, sera inaandikika mchana mmoja.

Rekodi za nani aliazima nini tuzitunze muda gani?

Mpaka kitabu kirudi na deni liishe. Huo ndio msimamo wangu na ndio utaratibu unaopendekezwa sana kwenye fani, kwa sababu rahisi tu: ambacho huna hakiwezi kuvuja, hakiwezi kudaiwa na mtu, na hakiwezi kuchunguliwa na mfanyakazi mwenye umbea.

Wakutubi huwa wanabisha hapa. "Kitabu kikirudi kimechanwa nitamjuaje aliyekichana?" Hoja ya kweli hiyo, ila haihitaji historia ya miaka kumi, inahitaji jina la aliyeazima mara ya mwisho tu. Koha ina mpangilio unaoitwa StoreLastBorrower unaofanya hivyohivyo, unamkumbuka wa mwisho mpaka mwingine aazime na kurudisha.

Na kwa kuwa maktaba nyingi huku zinatumia Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand, ni vizuri kujua kwamba vifaa vya faragha vimo ndani, havijawashwa tu. Unatengeneza mwanachama wa bandia, unaweka namba yake kwenye AnonymousPatron (ndiye atakayekaa mahali pa majina yanayofutwa), halafu unawasha OPACPrivacy ili msomaji mwenyewe achague historia yake itunzwe siku zote, itunzwe kwa muda mliouweka, au isitunzwe kabisa. Pia kuna skripti ya kufuta majina kwenye uazimaji wa zamani, mtu wa IT anaipanga iwe inajiendesha usiku. Uazimaji unabaki kwenye hesabu, jina linaondoka. Msisahau logi: zikiwa zimewashwa zinaandika kila uazimaji pembeni, kwa hiyo ukifuta historia ukaacha logi hujafanya kitu.

Wasomaji wengine wanapenda historia yao, wanataka kujua walishasoma nini. Waachie wachague.

Wanaotumia daftari la karatasi: tumia ukurasa mmoja kwa mwanachama mmoja badala ya orodha inayofuatana, na mwisho wa mwaka zile kurasa zilizokwisha zichomwe au zichanwe vipandevipande. Zisiuzwe kwa wafunga karanga tafadhali, zinaonekanaga mtaani.

Wafadhili na wizara wanataka takwimu, tukifuta tutaripoti nini?

Wanataka idadi, hawataki majina. Hesabu kila mwisho wa mwezi (wangapi, jinsia, rika, aina ya vitabu), weka namba kwenye ripoti, halafu majina yaende. Angalizo dogo: kijijini ukiandika "mwanamke mmoja mwenye umri zaidi ya 60 aliazima kitabu cha afya" kila mtu anamjua ni nani, kwa hiyo makundi madogo sana yaunganishe.

Tunaruhusiwa kuchukua kitambulisho au namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa Tanzania)?

Kukiangalia kuthibitisha huyu ndiye na anakaa hapa, sawa. Kutoa kopi ukaiweka kwenye faili, jiulize mara mbili. Kwa kitabu cha elfu kumi na tano unabaki na kopi ya kitambulisho cha taifa ambacho ndicho kinasajilia laini za simu, siku likiibiwa hilo faili hasara ya msomaji ni kubwa kuliko maktaba nzima. Kiangalie, andika "kitambulisho kimeonwa", saini, mrudishie. Na kushikilia kitambulisho cha mtu mpaka arudishe kitabu, acheni.

Watoto je?

Mtoto mwenyewe hawezi kukubali peke yake, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na fomu iwe fupi iwezekanavyo. Jina, darasa, simu ya mzazi, basi.

Pale wengi wanapojikwaa ni picha. Siku ya kusoma mnapiga picha watoto wamekaa mkekani, jioni ziko Facebook na majina ya shule. Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, kwa hiyo sio utani. Idhini ya picha iwe kwenye kisanduku chake peke yake, isifichwe ndani ya fomu ya uanachama, na mzazi akikataa mtoto aendelee kuazima kama kawaida.

Kuhusu mzazi anayetaka kujua mwanae kaazima nini: amueni mapema na muandike. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni kawaida, mzazi ndiye atalipa kikipotea. Kwa wa kidato cha tano mimi nisingempa bila sababu.

Tunabandika majina ya wanaodaiwa vitabu kwenye ubao na group la WhatsApp, kuna ubaya?

Upo. Unatangaza nani anadaiwa, na mara nyingi unataja na kitabu chenyewe. Namba za wanachama wote nazo zinaonekana na kila mtu kwenye group. Tuma ujumbe mmoja kwa mmoja, "kitabu ulichoazima kimepita muda", bila kutaja jina la kitabu kwa sababu simu nyingi nyumbani zinashikwa na watu wengi. Kama lazima kuwe na group liwe la matangazo na mtu aombe mwenyewe kuingia.

Kompyuta za umma, wifi na kamera vinaingia kwenye sera?

Vyote. Kwenye kompyuta sema kama historia inafutwa mtu akitoka, na hakikisheni kweli inafutwa, maana ukikaa kwenye mashine ya maktaba ukafungua brauza unakuta email ya mtu wa jana iko wazi na paswodi kaisevu. Kuna programu zinazorudisha mashine kama ilivyokuwa kila ikiwashwa upya, zinasaidia sana. Kwenye wifi sema kama ruta inatunza orodha ya vifaa na kwa muda gani. Kamera: ziko wapi, video zinakaa siku ngapi, nani anaruhusiwa kuangalia. Na kamera isielekee skrini ya msomaji wala ukurasa anaousoma.

Na website yenyewe inakusanya nini? Sisi hatujaweka chochote.

Aliyeijenga aliweka. Karibu kila templeti inakuja na vitu vya kuhesabu wageni, vibonye vya Facebook, ramani ya Google, video za YouTube, na vyote hivyo vinaweza kupeleka habari za mgeni kwa makampuni hayo hata kama hajabonyeza kitu. Mwambie fundi akuorodheshee, ung'oe visivyo na kazi. Mkihitaji kuhesabu wageni, programu ya Matomo inaweza kukaa kwenye sava yenu wenyewe.

Hakikisheni pia anwani inaanza na https, hasa ukurasa wa katalogi ambapo watu wanaingiza paswodi. Cheti kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo kisingizio cha bajeti hakipo.

Vitabu vya mtandaoni tunavyolipia kwa makampuni ya nje, tunawajibika navyo?

Msomaji anafika huko kupitia mlango wako, kwa hiyo angalau mwambie. Oktoba 2014 iligundulika kwamba programu ya Adobe Digital Editions 4 ilikuwa inatuma kwa Adobe habari za vitabu watu wanavyosoma na kurasa walizofika, tena bila kufichwa njiani, na maktaba nyingi zilikuwa zinaitegemea kuazimisha vitabu vya kielektroniki. Adobe walitoa toleo jipya lenye kuficha data hizo. Tangu hapo swali la "mnachukua nini kuhusu wasomaji wetu" linaulizwa kabla ya kusaini mkataba, sio baada.

Kwenye sera andika majina ya huduma hizo, weka linki ya sera zao, sema wazi kwamba mtu akitoka kwenye kurasa zenu anaingia kwenye masharti ya wengine. Data ikienda kwenye sava za nje ya nchi lisemeni pia, sheria za Tanzania na Kenya zote zina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje.

Polisi wakija wakataka kujua fulani anasoma nini?

Hili liandikwe kabla halijatokea, kwa sababu siku hiyo aliyeko kaunta atakuwa kijana wa field anayetetemeka. Utaratibu mzuri ni mfupi: mfanyakazi hatoi kitu, hakatai kwa ubishi, anamuita msimamizi. Msimamizi anaomba hati au amri ya maandishi, anampigia mwanasheria wa taasisi, anatoa kilichotajwa tu na kuandika kumbukumbu. Sheria zinawapa polisi njia za kudai data kwenye upelelezi, Tanzania kwa mfano kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo msiahidi kwenye sera kwamba "hatutatoa kamwe". Ahidini kwamba mtafuata sheria na mtadai maandishi.

Marekani mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut walikwenda mahakamani kupinga barua ya FBI iliyodai rekodi za matumizi ya kompyuta na kuwakataza hata kuisema, na 2006 marufuku ile ikaondolewa. Waliweza kusimama kwa sababu walijua msimamo wa fani yao.

Wanaokuja mara nyingi zaidi sio polisi ila ni mume, mchumba, mchungaji, mwajiri. Hao jibu lao ni moja, hapana, na sera iliyobandikwa ukutani inamsaidia mkutubi kusema hapana bila kugombana na mtu.

Iandikwe lugha gani na iwe ndefu kiasi gani?

Kiswahili ambacho mwanachama wako anakielewa. Cha Kiingereza kikihitajika kiwe cha pili. Kurasa mbili zinatosha, na usianze na "kwa mujibu wa kifungu", anza na kile msomaji anataka kujua. Kwa mfano:

"Ukijiunga tunaandika jina lako, simu na mahali unapoishi ili tukukumbushe kurudisha kitabu. Hatumpi mtu mwingine, isipokuwa sheria ikitulazimisha kwa maandishi. Ukirudisha kitabu na kama hudaiwi, tunafuta rekodi kwamba ulikiazima. Ukitaka kuona tulichoandika kuhusu wewe, uliza kaunta, tutakuonyesha bila malipo."

Linganisha na ile ya "maktaba inaweza kuchakata taarifa zako kwa madhumuni mbalimbali ya kiutendaji". Mbalimbali yapi?

Mwisho weka cheo cha mtu wa kumuuliza, namba ya ofisi sio ya mkononi ya mtu binafsi, na mueleze msomaji kwamba asiporidhika anaweza kulalamika kwa Tume, au kwa Kamishna kama mko Kenya.

Tuiposti wapi?

Linki chini ya kila ukurasa wa website, na kwenye katalogi pia, kwa sababu katalogi mara nyingi iko kwenye anwani tofauti na watu wanasahau. Weka linki palepale kwenye fomu juu ya kitufe cha kutuma, sio baada yake. Iwe ukurasa wa kawaida wa maandishi, isiwe PDF iliyoskaniwa ya MB 12 inayomaliza bando la mtu na haisomeki kwenye simu. Halafu printi moja ubandike kaunta, kwani wengi wa wasomaji wako hawajawahi kufungua hiyo website.

Weka tarehe ya toleo juu kabisa. Mkibadilisha kitu kikubwa tangazeni wiki kadhaa kabla, na toleo la zamani litunzeni.

Nani aipitishe?

Bodi, kamati au mkuu wa taasisi, kwa kikao chenye muhtasari. Mpitie upya kila mwaka na kila mnapoingiza mfumo mpya. Wafanyakazi wote waisome, hata mlinzi, yeye ndiye mwenye lile daftari la mlangoni.

Data ikivuja tufanyeje?

Kenya una saa 72 kumtaarifu Kamishna toka ulipojua. Tanzania ipashe Tume bila kuchelewa. Na wenye data waambiwe, kwa lugha ya kueleweka, nini kimetoka na wafanye nini.

Msidhani ni mambo ya benki tu. Oktoba 2023 British Library ya London ilivamiwa na kundi la wadukuzi la Rhysida, likadai bitcoin 20, maktaba haikulipa, na takriban GB 600 za data zikamwagwa mtandaoni zikiwemo za wafanyakazi na watumiaji. Katalogi ilikaa chini miezi. Kwenu huenda ikawa laptopu moja iliyoibiwa, basi iwe na paswodi na diski iliyofungwa kwa encryption.

Hatuna website, tuna ukurasa wa Facebook tu. Sera tunaweka wapi?

Andika kama posti, ibandike juu ya ukurasa, weka na kwenye sehemu ya maelezo. Ongeza sentensi kwamba wanaoandika inbox wasitume picha za vitambulisho wala habari za afya, waje kaunta au wapige simu. Na hizo inbox zifutwe swali likishajibiwa, kuna kurasa zina meseji za tangu 2016 zenye namba za simu za watu, na admini watano ambao watatu wameshaacha kazi. Waondoeni leo.